Viwavi wa Mdimu wa Mpakani

Baba hakuitambua nyumba yake, kwa sababu haikuwepo. Pale alipoiacha palikuwa na nyumba ya matofali ya watu wengine, na mbele yake michikichi iliyopandwa kwa mistari hadi karibu na ziwa. Alisimama pale Rumonge, mahali alipozaliwa, akawa anageuka huku na huku kama mtu aliyeshushwa kwenye kituo kisicho chake. Kisha akauona mdimu. Ulikuwa umewahi kukatwa, maana chini uligawanyika katika mashina matatu yaliyochipua upya. Lakini baba aliufuata moja kwa moja, akachuma jani, akalikunja, akalinusa, akasema, "Ni huu."

Aliupanda akiwa kijana, mwaka aliooa, kabla ya kukimbilia Tanzania. Mimi nilizaliwa huko, kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Tabora, na siku tuliporudi nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nasema tuliporudi, ingawa mimi ndiyo kwanza nilikuwa nafika. Mama alikuwa amezikwa kule. Kaka zangu wawili walikataa kuja. Walikuwa na wake zao na mashamba ya tumbaku. Nikaja mimi, kwa sababu sikuwa na mume wala mtoto, na kila mtu aliona ni sawa kwamba nisiye na cha kuacha ndiye nimsindikize mzee.

Watu wa ofisi ya ardhi walikuja na kamba na vigingi. Kiwanja kikagawanywa nusu kwa nusu. Nusu yenye nyumba ya matofali ikabaki kwa mama mmoja mjane aliyeishi pale tangu alipoolewa. Nusu nyingine ikawa yetu. Kamba ilipita hatua mbili tu kutoka kwenye mdimu, na mdimu ukaangukia upande wetu. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono ameikunja kifuani. Wanawe wawili walipiga kelele sana siku ile. Yeye aliifuata kamba kwa macho. Alipoona kamba imeshaupita mti, aliingia ndani akafunga mlango.

Baba aliishi miezi tisa baada ya hapo. Tulijenga vyumba viwili vya udongo, tukaezeka mabati, na alasiri alikuwa akiweka kiti chake chini ya mdimu na kuangalia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Homa ilimshika Jumanne, Ijumaa akafariki. Watu wa kanisani walikuja wakaimba, wakachimba, wakanipikia maharage kwa siku tatu, kisha kila mmoja akarudi kwake, kama inavyotakiwa. Jirani yangu hakuvuka mpaka. Nilimwona siku ya mazishi, amekaa kwenye ngazi ya mlango wake na sufuria isiyo na kitu mapajani. Nilimchukia kwa ajili ya ile sufuria. Sijui kwa nini ile sufuria hasa.

Kaka zangu walinipigia simu wakaniuliza kama nitarudi. Nikawaambia bado nafikiri. Ukweli ni kwamba nilishapata kazi ya kufundisha Kiswahili kwenye shule ya msingi, na sikuwa na cha kurudia huko zaidi ya kukaa kwenye chumba cha uani cha kaka mkubwa. Nikabaki.

Upweke wa miaka ile siwezi kuueleza kwa maneno makubwa, kwa sababu haukuwa na mambo makubwa. Kirundi changu kilikuwa cha kusikia kwa wazazi, cha zamani, chenye maneno ambayo watoto wa darasani waliyarudia nyuma ya mgongo wangu wakicheka. Kifaransa sikuwa nacho kabisa. Katika chumba cha walimu, wenzangu waliongea Kirundi, Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja, kwa kasi, nami nilitabasamu wakati wengine wakicheka. Hawakuwa watu wabaya. Waliniita Mutanzania, na kwa namna yao lilikuwa jina la upendo. Lakini Ijumaa nikishafunga mlango wa darasa, ilikuwa inawezekana nisitamke neno hadi Jumapili kanisani, na huko nikatamka "amahoro", salamu ya amani, kwa watu kumi na kurudi nyumbani.

Nilikuwa nachuma majani ya mdimu ya kutia kwenye chai nilipomwona kiwavi wa kwanza. Nilidhani ni kinyesi cha ndege: kitu kidogo cheusi chenye doa jeupe, kimelala katikati ya jani. Nilipotaka kukifuta kwa kidole, kikasogea. Nikakiacha. Kesho yake nikaenda kukitazama, na keshokutwa. Baada ya siku kadhaa kilijivua ngozi kikawa kijani, kinene, chenye mistari ya kahawia ubavuni. Nilipokigusa kilinyanyua kichwa na kutoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali ikatoka, kama ndimu iliyooza. Niliruka nyuma. Halafu nikacheka peke yangu uani, na sauti yangu ikanishtua, maana nilikuwa sijaisikia ikicheka kwa muda mrefu.

Nikaanza kuamka na kwenda mtini kabla ya kunawa uso. Nilijifunza kuyaona mayai: vitone vya manjano hafifu, kimoja kimoja, kwenye majani machanga. Nilimwona kiwavi mmoja akijifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba uliomzunguka kiunoni na kugeuka kifuko kisichotofautiana na jani lililojikunja. Nilisubiri karibu wiki mbili. Alipotoka alikuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoadoa ya manjano, wa aina ile niliyokuwa nikiiona maisha yangu yote bila kujua anakotoka. Kwenye vifuko vingine hakukutoka kipepeo. Vilitoboka tundu dogo na vijinyigu vyembamba vikatoka, navyo vilikuwa vimemla kiwavi kutoka ndani. Siku hizo nilikwenda shuleni nikiwa na huzuni ambayo nisingeweza kumweleza mtu.

Viwavi hawakunihitaji hata kidogo. Wangekula na kukua hata kama ningekuwa sipo. Ila walinipa sababu ya kutoka nje asubuhi, nami nikawaacha wale wanavyotaka. Nilifukuza kuku. Nilifukuza ndege. Mvua zile za kwanza walikuwa kumi, kumi na tano. Mwaka uliofuata mdimu ulikuwa na matawi matupu upande mmoja mzima, na vipepeo walikuwa wakizunguka juu yake mchana kutwa. Mdimu ni mkubwa, nilijiambia, utachipua.

Sikufikiria kwamba kipepeo haoni kamba.

Jumamosi moja asubuhi nilisikia mtu akiita kutoka mpakani. "Wewe, mwalimu!"

Alikuwa jirani yangu. Karibu miaka miwili tulikuwa tumeishi hatua kumi na tano mmoja kutoka kwa mwenzake, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

"Amahoro, mama," nikasema.

"Amahoro iko wapi? Kuja uone."

Nilisogea hadi kwenye vigingi. Nyuma ya nyumba yake, kwenye kivuli cha mgomba, kulikuwa na mifuko myeusi ya plastiki iliyopangwa kwa safu, na kila mfuko ulikuwa na mche wa ndimu wa urefu wa mkono. Au tuseme uliwahi kuwa mche. Mingi ilikuwa imebaki vijiti. Kwenye ile iliyobaki na majani, viwavi wa kijani walikuwa wakitafuna bila haraka.

"Wadudu yako iko inakula miche yangu," akasema. "Mimi naua leo, kesho inakuja ingine. Watu yote ya hapa inatia dawa. Wewe unafuga. Nimekuona. Kila asubuhi unaongea nayo."

Sikujua kwamba nilikuwa nikiongea nao. Nilihisi uso ukiwaka moto.

"Nisamehe, mama. Sikujua kama una miche."

"Ungejuaje?" akasema. "Hata siku moja hujaangalia huku."

Ilikuwa kweli. Nikamwuliza miche ilikuwa ya nini. Alinitazama juu hadi chini, kama anayepima kama nastahili kujibiwa. Kisha akasema wanawe wamepata shamba kule Bugarama, mlimani, kwa sababu nusu ya kiwanja haiwatoshi watu watatu na wake na watoto. Mvua zikiisha naye atahamia huko. Miche ilikuwa ya kupeleka. "Mbegu ni ya muti ule," akasema, akaonyesha mdimu wa baba kwa kidevu. "Nilitunza mbegu kabla hamujakuja."

Siku ile sikula. Kesho yake, asubuhi mapema, nilichukua mkebe wa maziwa ya unga uliokwisha, nikauvuka mpaka kwa mara ya kwanza. Alikuwa anafagia. Hakuniambia karibu, hakunizuia pia. Nilipiga magoti kati ya mifuko nikaanza kuokota, kiwavi mmoja mmoja, nikigeuza kila jani. Kila niliyemgusa alitoa pembe zake, na baada ya muda mikono yangu ilinuka hata sikuweza kujikuna pua. Nilipomaliza safu ya kwanza nilimsikia ameinama upande wa pili wa safu, naye anaokota.

"Huyu mudogo umemuacha," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Anafanana na mavi ya ndege."

"Ndiyo wanavyokuwa wakiwa wadogo."

"Najua," akasema. "Mimi nayaona hii wadudu toka wewe hujazaliwa."

Mkebe ulipojaa akanambia niwamwagie mafuta ya taa, au niwape kuku. Nilibaki nimeshika mkebe. Sikuweza, na niliona haya kuwa sikuweza mbele ya mtu ambaye nilikuwa nimemharibia kiasi kile. Aliniangalia, akaiangalia mikono yangu, akatoa sauti kati ya kuguna na kucheka. "Mutu mukubwa hivi," akasema. Halafu akaniambia uko mti mwingine ambao viwavi hawa wanaula, mti wa porini wenye miiba shinani, kule juu kwenye kilima nyuma ya mji. Gome lake yeye hulichemsha kwa kikohozi. Kutokana na maelezo yake nilitambua anausema mjafari. Mama yangu naye alikuwa akituchemshia gome hilo kule Tabora. Sikujua kama unaota na huku.

Tulikwenda siku hiyo hiyo, Jumapili, baada ya ibada, kila mmoja akitokea kanisani kwake. Nilibeba mkebe niliotoboa mfuniko. Njia ya kupanda kilima hupita katikati ya michikichi, na siku hiyo kulikuwa na watu wanaochemsha mawese kando yake. Moshi ulitufuata mpaka tukatoka kwenye miti na kuanza kuona ziwa lote chini yetu. Alitembea mbele, polepole, kwa fimbo. Kisha akaanza kuongea bila kugeuka.

"Nilikuja pale niko bibi harusi. Bwana yangu aliniambia kiwanja ni ya serikali, serikali imemupa. Muti ule ulikuwa umekatwa, kisiki tu. Nikauliza, huyu muti ni wa nani? Akasema hauna mwenyewe. Nikaanza kumwaga pale maji ya kuoshea vyombo. Ukachipua."

Nikasema, "Baba aliupanda mwaka aliomwoa mama."

"Nilijua," akasema. "Siku alichuma jani, nilijua."

Tulipanda kidogo. Akasimama kupumua, nami nikasimama nyuma yake.

"Balituambia mulikufa wote," akasema. "Mwenye kiwanja, na bibi yake, na watoto. Wote. Mimi nikaamini. Mwalimu, nitakuambia kweli. Niliamini kwa sababu ilikuwa vizuri kwangu kuamini."

Kwa miezi yote ile nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kumwambia siku nikipata nafasi, tena maneno makali, na nafasi ilikuwa hii, njiani, hakuna mtu mwingine. Niliyatafuta yale maneno sikuyaona. Nikamwuliza tu kwa nini hakuja kumzika baba.

"Ningesimama wapi?" akasema. "Na mwenye kufiwa, ama na mwenye kushitakiwa? Nilipika. Nikashindwa kuleta. Nikamwaga."

Tukaendelea kupanda.

Mjafari ulikuwa kwenye ukingo wa korongo, mti mdogo, miiba minene imetokeza kwenye shina kama vifundo. Nilivunja jani nikalinusa. Lilikuwa na harufu ya ndimu, yenye ukali zaidi. Tuliwapanga viwavi juu ya majani mmoja mmoja, tukakaa kwenye jiwe kuwangoja. Nilifikiri wataanza kula mara moja. Wale wakubwa, wanene, walizunguka kwenye jani, wakaligusa kwa mdomo, wakaliacha. Mmoja baada ya mwingine walishuka kwenye vijiti wakaanza kutembea kuelekea chini, wakitafuta kitu ambacho mti ule haukuwa nacho. Wale wadogo sana, wanaofanana na kinyesi, walitulia. Baada ya kitambo niliona jani la mmoja wao limeliwa ukingoni, kipande kidogo kama alama ya ukucha.

"Wakubwa wamezoea indimu," akasema. "Hawataweza tena."

Niliporudi peke yangu baada ya siku tatu, wakubwa wengi walikuwa wamekufa chini ya mti, wamesinyaa, sisimizi wamewazunguka. Wadogo walikuwa wamenenepa. Tangu hapo tulijua la kufanya. Hatukuwangoja wakue. Tulitafuta mayai na wale waliokuwa wameanguliwa jana, tukawachukua na kipande cha jani walicholalia, nami nikawapandisha kilimani mara mbili kwa wiki baada ya shule. Waliotuponyoka wakakua wakubwa niliwarudisha kwenye mdimu wa baba, na yeye akaniacha nifanye hivyo.

Msimu ule wote tulifanya hivyo. Saa kumi na mbili asubuhi nilivuka kamba, ambayo kwa kweli ilikuwa imeshaoza na kubaki vigingi tu, tukakagua mifuko, safu moja yake, safu moja yangu. Sitasema tulikuwa marafiki. Hakuwahi kuniingiza ndani kwake, wala mimi sikumwita kwangu. Lakini kuna siku aliacha kuniita mwalimu akaanza kuniita mwanangu, bila kutangaza, katikati ya maneno mengine: "Mwanangu, nipe ule mukebe." Na kuna siku nilichelewa kwa sababu ya homa, akaja hadi mlangoni kwangu, akasimama nje, akauliza kwa sauti kubwa kama niko mzima. Nililala siku ile nzima nikiwa na nguo nzito na joto, na nilikuwa nimefurahi.

Kati ya miche ile, karibu nusu ilikufa. Iliyobaki ilitoa majani mapya, kwanza mekundu mekundu, kisha ya kijani. Mvua zilipokatika wanawe walikuja na kamyo, yaani lori, iliyokuwa inarudi mlimani kutoka kuteremsha mihogo. Hawakunisalimia, nami sikuwalaumu. Walipakia kitanda, mabati ya zamani, mbuzi wawili, na mwisho miche, ambayo yeye mwenyewe aliipanga akiwa juu ya kamyo, akikataa mtu asiiguse. Kisha akateremka akaja mpakani.

"Nimekodisha nyumba kwa watu ya samaki," akasema. "Batakuwa jirani yako. Sibajui."

"Sawa, mama."

"Ukipata nafasi, uje Bugarama."

Nikasema nitakuja. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akauachia haraka, akaenda kupandishwa mbele kwa dereva.

Watu waliohamia ni wafanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani. Wanatoka alfajiri kwenda Magara kununua, wanarudi jioni, na mlango wao wanaufunga kwa kufuli. Ni watu wa adabu. Tunasalimiana. Kwa muda fulani niliendelea kuamka saa kumi na mbili na kusimama pale kwenye vigingi nikiwa na mkebe, nikitazama mahali palipokuwa na mifuko, ambapo sasa wameweka mapipa yao. Kisha nikaacha. Viwavi wa mdimu nawaachia nusu ya mti na nusu nyingine nawaondoa, na vipepeo siku hizi hawana mahali pengine pa kwenda hapa karibu.

Bugarama nilikwenda likizo ya mwaka uliofuata. Ni baridi kule. Nilishuka kwenye pikipiki meno yakigongana. Alikuwa ameketi juani mbele ya nyumba, amekonda, blanketi begani, na alinitambua kabla sijafika. Akawaita wakwe zake wawili watoke jikoni. Nilitegemea atasema ni jirani yangu wa zamani, au ni mwalimu wa Rumonge. Aliniwekea mkono begani akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya kumtambulisha mgeni mkubwa, kwamba huyu ndiye mwenye kiwanja.

Wale wanawake waliinamisha vichwa. Sikujua kama nimeheshimiwa au nimehukumiwa, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Walinipa chai na viazi. Alinionyesha midimu yake, tisa kwa hesabu, imefika kiunoni. Alisema kwenye baridi inakua polepole, na matunda huenda asiyaone. Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia mvua. Nilitamani kugeuza majani niangalie chini yake, lakini watoto wa nyumba walikuwa wamenizunguka wakinitazama, nikaona aibu.

Alinisindikiza hadi barabarani, hatua chache kisha kupumzika, hatua chache kisha kupumzika.

"Hujaolewa?" akaniuliza.

"Bado, mama."

"Na ndugu zako? Hawaji?"

"Hawaji."

Akatikisa kichwa taratibu, akitazama upande pikipiki itakakotokea. Nadhani alikuwa anatafuta neno la kunifariji, na nilimshukuru moyoni kwamba hakulipata. Pikipiki ilipofika nikamshukuru kwa Kirundi, murakoze, naye akanijibu, nikapanda. Nilipogeuka alikuwa ameshaanza kurudi, mgongo wake kwangu, mkono mmoja kwenye fimbo.

Nilifika nyumbani jua linazama nyuma ya milima ya ng'ambo. Majirani walikuwa hawajarudi. Nilipasha maharage ya jana, nikala nimesimama. Likizo ilipokwisha niliingia darasani, watoto wakasimama wakaniamkia kwa pamoja, nikawaambia wakae. Chumba cha walimu kilikuwa kimejaa habari za likizo, harusi, safari za Bujumbura, mtoto wa fulani aliyezaliwa. Nilikaa kwenye kiti changu karibu na dirisha, nikafungua madaftari nikaanza kusahihisha. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi, na mimi, kwa Kirundi changu kile, sikujua ningeanzia wapi kueleza.